Bamba la Mbele: Gari Lililoundwa Kuelea Juu ya Theluji Linapopewa Kazi ya Kuisukuma

Theluji nene huwapa wakazi wa nchi za baridi njia mbili tu za kusafiri: kuiondoa barabarani mpaka ardhi ngumu ionekane, au kuiacha ilipo na kupita juu yake. Plau la theluji, yaani bamba pana la chuma linalofungwa mbele ya lori au trekta, ni chombo cha njia ya kwanza. Gari dogo la minyororo, linalotembea juu ya mikanda mipana badala ya magurudumu, ni chombo cha njia ya pili. Kwa miaka mingi vyombo hivi viwili vilikuwa mahasimu, na palipopita kimoja kingine hakikuwa na kazi. Kwa hiyo fundi anayelifunga bamba la haidroliki mbele ya gari la minyororo, kazi inayofanywa hadi leo katika karakana za milimani huko Marekani na Kanada, hafungi kifaa cha ziada kama anayefunga taa au redio. Anawafungisha ndoa mahasimu wawili, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwasuluhisha.

Uhasama huo unaonekana wazi katika maisha ya Joseph-Armand Bombardier, fundi wa magari aliyezaliwa mwaka 1907 huko Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Mwaka 1934 mwanawe wa miaka 2 alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo, theluji ikiwa imeziba barabara na pasiwepo namna ya kumfikisha hospitali. Bombardier, ambaye tayari alikuwa akijaribu kuunda gari la kupita juu ya theluji, alipata mwaka 1937 hataza ya gurudumu la meno linalozungusha mkanda wa mpira, akaanza kuuza gari la abiria 7, na baadaye kubwa zaidi la abiria 12, ambalo lilitumika kupeleka barua, wagonjwa na wanafunzi. Kisha mwaka 1948 serikali ya Quebec ikaagiza barabara za vijijini zisafishwe theluji, na mauzo yake yakaporomoka, kwa kuwa mwanakijiji ambaye barabara yake husafishwa hana haja ya gari linaloelea. Plau lilikuwa limemshinda. Alijinusuru kwa kuhamia pasipo na barabara za kusafisha: mwaka 1953 alitoa trekta la minyororo liitwalo Muskeg, lililofanya kazi kwenye vinamasi, misitu na machimbo, na mwaka 1959 pikipiki ya theluji ya Ski-Doo, ambayo ndiyo iliyolitangaza jina lake duniani.

Magharibi mwa Marekani historia ilikwenda kwa njia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Geoffrey Pyke alibuni mpango wa kuwapeleka makomando Norway kwa magari ya kasi ya theluji, na mpango huo ukapewa jina la siri la Plough, yaani neno lilelile ambalo Kiswahili kililipokea na kulifanya plau, ingawa gari lililotokana nao halikuwa na plau lolote. Gari hilo, M29 Weasel, liliundwa na kampuni ya Studebaker mjini South Bend, jimbo la Indiana. Yalitengenezwa takriban 15,000, na baada ya vita mengi yaliuzwa kwa raia, wakiwemo wenye vibanda vya milimani na mafundi wa nyaya za simu na umeme. Mjini Medford, Oregon, kampuni ya Tucker ilitengeneza Sno-Cat yenye minyororo minne, ambayo Vivian Fuchs na wenzake waliitumia kulivuka bara la Antaktika kwa siku 99 katika msimu wa 1957 na 1958. Mjini Logan, Utah, Thiokol, kampuni ya kemikali ambayo baadaye ilitengeneza roketi za kurushia vyombo vya angani vya Marekani, ilikuwa na kitengo kilichounda magari madogo ya theluji, yakiwemo Imp na Spryte, mpaka kitengo hicho kilipouzwa mwaka 1978 kwa John DeLorean, mtu wa magari ya michezo. Magari haya ya zamani, mepesi na rahisi kuyafungua na kuyafunga, ndiyo ambayo wamiliki wa leo huyafufua na kuyatafutia bamba, ingawa baadhi ya Spryte zilitoka kiwandani zikiwa nalo tayari.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini gari linaloweza kupita juu ya theluji lihitaji kuisukuma. Jibu lipo kwenye miteremko ya ubavuni, yaani pale njia inapokatiza ubavu wa mlima badala ya kuupanda au kuushuka. Upepo huijaza njia ya namna hiyo kwa theluji mpaka ukingo wa juu na wa chini uungane kuwa mteremko mmoja laini, na gari lolote linalojaribu kupita hapo huinama upande mmoja na kuteleza kuelekea bondeni. Dereva mwenye bamba hukata ukingo wa juu, humwaga theluji upande wa chini, na kujitengenezea ngazi bapa ya kupitia. Kwa maana hiyo bamba la gari la theluji lina undugu wa karibu zaidi na greda linalosawazisha barabara za vumbi za Afrika Mashariki kuliko na plau la lori la mjini, kwa sababu halikusudiwi kuifikia ardhi. Linakusudiwa kuigeuza theluji yenyewe kuwa barabara.

Ugumu wa kwanza ni uzito, na hapa hesabu inasema zaidi ya maneno. Gari linaelea kwa sababu ya kanieneo ndogo, yaani kani ya uzito wake hugawanywa juu ya eneo kubwa. Tuseme gari lina kilo 1,800 na minyororo miwili, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 60 na ukilalia theluji kwa urefu wa mita 2: eneo lote ni sentimita za mraba 24,000, na kila sentimita ya mraba hubeba gramu 75. Mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa viatu vyenye eneo la sentimita za mraba 500 huikandamiza theluji kwa gramu 140, karibu maradufu, na ndiyo sababu yeye huzama hadi magotini mahali ambapo gari lenye uzito wa watu 25 hupita na kuacha alama tu.

Sasa bamba la kilo 200 lifungwe mbele ya gari hilo, uzito wake ukining'inia mita 2.2 kutoka katikati ya minyororo. Wastani wa kanieneo hupanda kidogo tu, hadi gramu 83, na fundi asiye makini huridhika na tarakimu hiyo. Lakini bamba limekivuta mbele kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa gari huweza kuhesabiwa kuwa umesimama, kwa sentimita 22, na mzigo haugawanyiki tena sawasawa: ncha ya mbele ya minyororo sasa hubeba gramu 138 kwa sentimita ya mraba, huku ya nyuma ikibaki na gramu 28. Kwa maneno mengine, pua ya gari imekuwa nzito juu ya theluji kama mtu anayetembea kwa miguu, na itafanya lile ambalo mtu huyo hufanya, yaani itazama. Gari lililozama pua husukuma rundo la theluji kwa tumbo lake badala ya bamba lake, na minyororo ya nyuma, iliyobaki bila mzigo, huzunguka bure.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuweka uzito wa kusawazisha nyuma: betri, tangi la mafuta, sanduku la vifaa, hata vyuma vizito vilivyochomelewa kwa makusudi. Dawa hiyo hufanya kazi, ila kwa gharama. Kilo 100 zikiwekwa mita 1.8 nyuma ya katikati, mzigo wa ncha ya mbele hushuka kutoka gramu 138 hadi takriban 120, lakini wastani wa gari zima hupanda hadi 87 na nusu. Kwa upande mwingine, fundi akiacha kuongeza chochote nyuma na badala yake akatengeneza bamba jepesi la kilo 120, ncha ya mbele hushuka hadi gramu 113. Wepesi wa mbele una faida kuliko uzito wa nyuma, na kulisahau hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi zaidi katika kazi za karakana ndogo: bamba kuukuu la lori, ambalo pamoja na fremu yake huweza kufika kilo 300, hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu na kufungwa kwenye gari ambalo haliwezi kulibeba. Bamba la lori limetengenezwa kukwangua lami, na unene wake ni wa lami. Theluji mpya kwa kawaida haina zaidi ya kilo 100 kwa mita ya ujazo, na hata ile iliyogandamizwa na upepo huwa na kilo 300 au 400, hivyo bamba la bati jembamba lililokunjwa kwa mviringo na kutiwa mbavu za kulikaza kwa nyuma hulitosha kabisa gari la ukubwa huu.

Baada ya uzito huja swali la njia ya kani, ambalo ndilo roho ya kazi yote. Kila kilo ambayo bamba huisukuma, na kila pigo linalolipata, lazima lisafiri kutoka kwenye bamba hadi mahali penye uwezo wa kulipokea, na swali ni litapitia wapi. Magari haya hayakujengwa kama katapila, ambalo mwili wake ni pande la chuma. Weasel, kwa mfano, ina kiwiliwili cha mabati kilichochomelewa kama mashua, na magari mengine yana chesisi ya vyuma vyepesi ambayo kazi yake ilikuwa kubeba injini na abiria basi. Bamba likifungwa kwa bolti kwenye ncha ya mbele ya chesisi hiyo, linaweza kufanya kazi majira mawili, kisha nyufa zikaanza kwenye pembe za kuchomelea. Fundi mzuri huunda fremu ndogo ya pili chini ya gari, yenye mikono miwili mirefu inayotoka kwenye bamba na kurudi nyuma hadi katikati ya chesisi au zaidi, karibu na ekseli inayoendesha minyororo, ili kani ya kusukuma ikutane na kani ya kuendesha kwa njia fupi iliyonyooka, na mwili wa gari ubaki abiria tu kati yake. Mikono hiyo hushikwa kwa pini nene zinazozunguka ndani ya bushi zenye grisi, na hupitishwa chini kiasi cha kutogusa springi wala magurudumu madogo ya minyororo, kwa kuwa mahali hapo theluji hugandamana na kuwa barafu ngumu, ikajaza kila nafasi iliyoachwa.

Pigo lenyewe linastahili kupimwa. Gari lenye kilo 2,000 likienda mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, lina nishati ya jouli 9,000. Ukingo wa bamba ukikutana na kisiki kilichofichwa na theluji, na gari likasimama ndani ya sentimita 5, kani inayopita kwenye mikono ni sawa na uzito wa tani 18 hivi. Hakuna chesisi ya gari la tani 2 inayovumilia hilo. Ndiyo maana bamba huwekewa springi za kukunjia: sehemu ya chini, au bamba zima, huinama mbele linapogonga kitu kigumu, hupita juu yake na kurudishwa na springi. Kujikunja huko kukilipa gari sentimita 30 za kupunguzia mwendo badala ya 5, kani hushuka hadi tani 3. Wapo wanaoziondoa springi kwa sababu bamba lenye springi hutikisika linapokata theluji ngumu, jambo ambalo ni kweli. Lakini kutikisika ni kero, na chesisi iliyopinda ni mwisho wa gari.

Ukilinganisha na hayo, haidroliki, ambayo ndiyo huwatisha wasio mafundi, ni sehemu rahisi. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikikandamizwa mahali pamoja, kanieneo husambaa sawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah aliikatia hataza mashine ya kukandamizia iliyofuata kanuni hiyo, na tangu hapo imeingia kwenye jeki ya chupa, breki za gari na tipa inayomwaga mchanga. Kwenye gari la theluji, pampu huyasukuma mafuta kutoka kwenye tangi dogo hadi kwenye silinda, na mafuta hayo huisukuma pistoni ambayo fimbo yake imeungwa na mikono ya bamba. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 ina uso wa sentimita za mraba 19.6; mafuta yakifika kanieneo ya baa 100, ambayo ni takriban mara 50 ya upepo wa tairi la gari dogo, pistoni husukuma kwa kani ya karibu tani 2. Silinda hiyo hufungwa karibu na pini ya mikono, kwa mfano sentimita 30 kutoka kwenye pini huku bamba likiwa mita 1.2 mbele, hivyo nguvu yake kwenye bamba hugawanywa kwa 4, ikabaki nusu tani, na bado inatosha kuinua zaidi ya mara mbili ya uzito wa bamba.

Nusu tani hiyo hugeuka tatizo inapoelekezwa chini. Silinda ya njia mbili, yaani inayoweza kuvuta na kusukuma, humpa dereva uwezo wa kulikandamiza bamba kwenye theluji, na dereva mgeni hudhani kwamba kukandamiza ndiko kukata. Kinachotokea ni kwamba bamba hugeuka jeki: huiinua pua ya gari, minyororo hupoteza mshiko kwa mbele, na usukani unakuwa mapambo. Kwa sababu hiyo vali ya kuongozea, ambayo ni mlango wenye kijiti cha kuamua mafuta yaelekee wapi, inatakiwa iwe na nafasi nne na si tatu: kuinua, kushikilia, kushusha, na ile ya nne iitwayo ya kuelea, ambapo pande zote mbili za pistoni hufunguliwa kwenye tangi na bamba likaachwa lipande na kushuka kwa uzito wake lenyewe. Chini ya bamba hufungwa viatu, yaani visahani vya chuma vinavyoteleza na kuuzuia ukingo usichimbe. Ajabu ya mambo ni kwamba nafasi inayotumika zaidi katika mfumo huu wote wa nguvu ni ile ambayo haitumii nguvu yoyote.

Pampu inaweza kuendeshwa na umeme au na injini. Ya umeme huja ikiwa imekamilika, pamoja na mota na tangi lake, na hufungwa popote. Udhaifu wake ni njaa. Ili kutoa lita 10 kwa dakika kwa baa 100 inahitajika kazi ya wati 1,670 hivi, na mota na pampu zikiwa na ufanisi wa asilimia 65, betri ya volti 12 hutakiwa kutoa zaidi ya ampea 200, wakati altaneta ya gari la miaka ya 1960 haifikishi hata robo ya kiasi hicho. Kinachookoa ni muda: silinda iliyotajwa, ikisafiri sentimita 20, hujazwa na chini ya nusu lita, kazi isiyozidi sekunde 3, na betri hupata nafasi ya kupumua. Dereva anayesawazisha njia ndefu, akigusa kijiti kila baada ya mita chache, haipi nafasi hiyo. Kwake yeye pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda, ikiwa na klachi ya umeme ya kuiwasha na kuizima, ni bora zaidi, ingawa kuipatia nafasi mbele ya injini iliyobanwa ndani ya kibanda chembamba kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulitengeneza bamba lenyewe.

Mfumo wowote kati ya hiyo miwili huhitaji vali ya usalama, inayoyarudisha mafuta kwenye tangi kanieneo inapozidi kiwango kilichowekwa. Bamba linalogeuzwa kushoto na kulia kwa silinda mbili huhitaji na nyingine, iliyowekwa kati ya silinda hizo, kwa kuwa ncha ya bamba ikigonga jiwe silinda ya upande huo hubanwa ghafla huku vijiti vyote vikiwa vimefungwa; vali hiyo huyaruhusu mafuta kukimbilia silinda ya pili, bamba likageuka badala ya fimbo kupinda.

Upana wa bamba ni jambo dogo linalowaumbua wengi. Gari lenye upana wa mita 2 linaonekana kuhitaji bamba la mita 2, mpaka bamba hilo ligeuzwe nyuzi 30 ili kumwaga theluji pembeni: hapo upana wake wa kweli hubaki mita 1.73, na mnyororo mmoja hupanda juu ya theluji ambayo haijakatwa. Ili lifunike minyororo yote likiwa limegeuzwa, lazima liwe na angalau mita 2.31, na nyongeza kidogo ya kukata kona. Bamba lililogeuzwa pia huisukuma pua ya gari pembeni, na kwa kuwa mengi ya magari haya huongozwa kwa breki zilizo ndani ya difu, ambazo hupunguza mwendo wa mnyororo mmoja na kuongeza wa mwingine, dereva hujikuta akiushikilia mkono mmoja wa usukani muda wote, na breki hizo hupata moto hata siku ambayo mate hugandia midomoni. Injini nayo huweza kuchemka, jambo linalowashangaza wageni: bamba likiinuliwa juu wakati wa kusafiri, huziba upepo usifike kwenye rejeta.

Baridi ina kodi yake. Mafuta ya kawaida ya haidroliki huongezeka mnato, yaani uzito wa kumiminika, kadiri yanavyopoa, na katika nyuzi 30 chini ya sifuri pampu huweza kushindwa kuyavuta, ikazunguka kwenye utupu na kujila yenyewe. Ndiyo maana wengi hutumia mafuta mepesi ya giaboksi ya otomatiki au yale ya haidroliki za ndege. Maji kidogo yaliyoingia kwenye tangi kutokana na unyevu wa hewa huganda ndani ya vali na kuifunga. Hozi za mpira hukakamaa na kupasuka zinapokunjwa, kwa hiyo huchaguliwa zile zilizothibitishwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, na huachiwa urefu wa kutosha ili bamba likifika mwisho wa mzunguko wake zisivutwe. Chuma chenyewe si cha kuaminiwa bila kuuliza. Mnamo Januari 1943 meli ya mafuta ya Schenectady, mpya kabisa, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini Portland, Oregon, usiku wa baridi, kwa kuwa chuma cha aina fulani hupoteza unyumbufu wake kinapopoa na kuvunjika kama kigae, ufa ukianzia kwenye kasoro ya kuchomelea. Fundi anayechomelea mikono ya bamba katika karakana yenye joto anapaswa kukumbuka kwamba kiungo chake kitafanya kazi mahali pasipo na joto hilo.

Kuna hatari moja ambayo haisamehe. Hozi yenye tundu dogo kama la sindano hutoa mshale wa mafuta usioonekana vizuri, wenye uwezo wa kupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda huonekana kama kuchomwa na mwiba na huuma kidogo mwanzoni, lakini mafuta huharibu tishu kimyakimya na mkono huweza kupotea usipofanyiwa upasuaji haraka. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja, na kabla ya kulegeza kiungo chochote bamba hushushwa chini mpaka lilale, injini huzimwa, na vijiti huchezeshwa kila upande ili kanieneo iliyobaki iishe.

Siku ya kujaribu, mfumo mpya huwa umejaa hewa, na hewa, tofauti na mafuta, hubanika. Bamba hupanda kwa kudundadunda kama linalosita. Silinda hutolewa na kurudishwa hadi mwisho mara kadhaa bila mzigo, tangi huongezwa mafuta, na vali ya usalama hurekebishwa kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo, mpaka bamba linyanyuke bila kusita. Baada ya hapo gari hupelekwa kwenye theluji, na dereva aliyejifunza kwa katapila hulazimika kusahau alichojifunza. Hachukui kina chote kwa mkupuo. Hupita mara ya kwanza bamba likiwa juu, akikata tabaka la juu tu. Mara ya pili hushusha kidogo. Mara ya mwisho huliachia lielee na viatu vyake, na minyororo inayofuata nyuma hushindilia kile ambacho bamba limesawazisha.

Kisha huiacha. Chembe za theluji zilizovunjwa na kusogezwa huanza kushikana upya pale zinapogusana, na ndani ya saa chache za baridi theluji iliyokuwa unga huwa pande moja, ngumu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Njia iliyokatwa jioni na kuachwa usiku kucha haipitiwi tena na gari peke yake. Asubuhi mtu mwenye mzigo mgongoni, na gramu zake zaidi ya 140 kwa kila sentimita ya mraba, hushuka mlangoni na kuifuata mpaka barabarani bila kuzama.